Mgongo Uliotiwa Marashi

Nimeongoza wanamuziki kwa kifimbo karibu umri wangu wote, na mpaka leo nikisikia harufu ya marashi mawaridi shingo yangu huwaka moto. Watu husema aibu hupoa, ukiiacha. Yangu nimeiacha, nimeizunguka, nimeikimbia mji, na bado ni ya moto.

Nilirudi Mombasa vita vilipokwisha. Jeshini sikubeba bunduki siku nyingi. Nilitiwa kwenye bendi nikapuliza tarumbeta, na ofisa wetu wa muziki alipougua homa, mimi ndiye niliyesimamishwa mbele ya wenzangu kushika kifimbo. Lakini kilichoniharibu kilitokea kabla ya hapo. Tulipokuwa Misri tulipelekwa kwenye jumba kubwa kusikiliza okestra. Sikuwa nimewahi kuona watu wengi kiasi kile wakipiga kitu kimoja, fidla safu kwa safu, na ngoma nyuma kubwa kama mapipa. Mbele yao alisimama mtu mmoja ambaye hapigi chochote, amewapa watu mgongo. Akiinua mkono, wote wananyanyua, akiushusha, kimya. Mwisho ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi, na hapo ndipo akageuka. Nikasema moyoni, hii ndiyo kazi. Nilikuwa kijana, na kichwa changu hakikuenea tena kwenye kofia ya jeshi.

Nyumbani Mji wa Kale ami yangu, mdogo wake marehemu baba, alikuwa na kikundi cha taarabu kilichopiga kwenye harusi. Yeye alipiga udi, na ndiye aliyeongoza, ila mgeni asingemtambua. Waliketi mkekani wote wamewaelekea wageni, na ami akitaka wimbo uishe aliinua nyusi. Basi. Mpiga fidla aliziona, wa ngoma ya dumbaki akamwona wa fidla, na wimbo ukatua taratibu bila mtu kujua nani aliyeutua. Mimi, mtoka Misri, niliona ule ni ushamba.

"Ami, Misri hawaongozi kwa nyusi," nikamwambia.

"Kwani wao hawana?" akauliza, huku akikaza uzi wa udi.

Nikamwonyesha kifimbo changu cha mpingo, nilichochongewa na seremala wa Majengo.

"Hicho ni cha kumtandika nani?"

"Hakitandiki mtu, ami. Chaonyesha ndia."

"Ndia twaijua, mwanangu. Twenda nayo tangu wewe hujazaliwa."

Lakini alinipenda, na mtoto wa ndugu humnyimi. Akaniachia kikundi. Nikaleta rafiki zangu wawili wa jeshini, mmoja na tarumbeta, mmoja na klarineti, tukafanya mazoezi kwenye nyumba ya jamaa karibu na Tononoka. Niliwatoa wazee mkekani nikawakalisha vitini. Mzee wa kinanda alinung'unika kwamba miguu yake yaning'inia kama ya mtoto kinyozini, nikamwambia atazoea. Siku hizi nikikumbuka jinsi nilivyomwambia, natazama chini.

Nilikuwa na haraka, na haraka ile ilikuwa na sababu. Nilikuwa nimeposa. Binti mwenyewe nilimjua tangu hajaanza kuvaa buibui, na kote nilikopelekwa na vita sikumsahau. Babake aliuza mazulia Ndia Kuu, mtu wa heshima zake. Mama aliwatuma wazee wakapeleka posa, na yule baba akajibu kwa adabu kwamba ana harusi ya mwanawe wa kiume, iishe kwanza, kisha watapata jibu. Halafu akakialika kikundi chetu kije kipige kwenye harusi hiyo.

"Hapo wataka kukutazama," mama akaniambia. "Nenda na adabu zako."

Mimi nilisikia "kukutazama" tu. Hiyo adabu nilidhani ninayo tayari.

Shughuli ilianza baada ya alasiri, mbele ya nyumba yao, hapo hapo Ndia Kuu. Wanaume waliketi kwenye mabao ya kukalia yaliyopangwa njiani, na wanawake walikuwa ghorofani, nyuma ya madirisha. Nikawapanga watu wangu vitini, nikasimama mbele yao na kanzu yangu imepigwa pasi, nikawapa wageni mgongo. Nilisikia mnong'ono ukipita kwenye mabao. Nikaupokea kama sifa.

Na kwetu kuna ada. Mwenye harusi hupita mwenyewe na mrashi, kile kichupa cha shingo ndefu, akawarashia wageni marashi, na kwa wapigaji huanza na mkuu wao. Mkuu hukinga viganja, akajipaka usoni, akamwombea mwenye nyumba kheri. Ada hii hata mtoto wa chuo cha Kurani aijua. Nami niliijua. Nilichosahau ni kwamba aliyewapa watu mgongo hamwoni anayekuja.

Tulikuwa katikati ya wimbo nilioutengeneza kwa mtindo wa Misri niliposikia sauti nyuma yangu. "Masalkheri, mwanangu." Nilidhani ni mgeni anayetaka kuchagua wimbo. Sikugeuka. Niliinua mkono wa kushoto, kiganja wazi, nikamnyamazisha, kama ofisa wetu alivyokuwa akitunyamazisha sisi.

Kinanda kikakata. Fidla ikakata. Nikamwona ami ameweka mkono juu ya nyuzi, macho yake yamepita bega langu. Wazee wangu walikuwa wameacha kwa adabu, kwa kuwa hakuna mtu wa Mombasa anayeendelea kupiga mwenye harusi amesimama mbele yake na mrashi. Mimi nikaona wananiharibia. Nikagonga mgongo wa kiti kwa kifimbo, nikasema kati ya meno, "Endeleeni." Walioendelea ni wale wawili wa jeshini, waliofundishwa kutotoa macho kwenye kifimbo hata nyumba ikiungua. Tarumbeta ikalia peke yake katika Ndia Kuu nzima, kisha nayo ikaona haya ikanyamaza.

Hapo ndipo nilipohisi baridi shingoni. Marashi yaliteremka ndani ya kanzu mpaka kiunoni. Yule mzee, babake binti, alikuwa akiutikisa mrashi juu ya mgongo wangu bila haraka, mpaka ukaisha.

"Mwanangu," akasema, na mabao yote yalisikia, "tumekuja kukupa, uso hatukuuona. Tulichopawa ni mgongo, basi mgongo tumeutia marashi."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Ghorofani wakapiga vigelegele. Niligeuka nikamkuta anatabasamu, na tabasamu lile nililiona kama wembe. Mtu mwenye akili angecheka naye, akakinga viganja, akasema, "Na uso nao una haki yake, mzee wangu." Maneno hayo niliyapata baadaye sana, peke yangu, yalipokuwa hayana kazi. Siku ile niliweka kifimbo juu ya kiti nikaondoka, kanzu imenigandia mgongoni, nikamwachia ami harusi aimalize kwa nyusi zake.

Sikusubiri jibu la posa. Jibu nililihesabu nimeshapewa, tena hadharani. Vijana wa mtaani walishaanza kuniita Mgongo. Kesho yake asubuhi nikapanda gari la moshi kwenda bara bila kuaga mtu wala kuacha anwani. Mama nilimwambia naenda sokoni.

Huko nilipata kazi ya bendi, na kifimbo kikanilisha. Nilipiga kwenye kumbi za Wazungu, nao walikaa nyuma yangu wakafurahia. Huko mgongo wangu ulikuwa halali. Nilipigiwa makofi mengi, na kila nilipogeuka kuyapokea nilitangulia kutazama chini, nione kama kuna mtu amesimama karibu ananingoja.

Nilirudi Mombasa mama alipougua. Binti alikuwa ameshaolewa Lamu, na nikajitia kwamba habari ile hainigusi. Nilikwenda kumwamkia ami. Alikuwa ameketi mkekani, udi mapajani, kama nilivyomwacha. Tukazungumza mpaka nikashindwa kujizuia.

"Si walinikataa, ami? Na walivyonifedhehesha, haikubaki ila kukataa."

"Nani alokwambia wamekukataa?" Akanitazama. "Ule ulikuwa utani. Ungetaniwa na asokutaka? Siku ya pili yake yule mzee alikuja hapa kwa miguu yake. Akasema kijana ana kazi na ana ghera, mgongo wake tumeuona, basi Ijumaa na aje tuuone uso. Mamako akakushonesha kanzu. Wao wakapika. Sisi twakutafuta mji mzima."

Niliinama nikatazama mkeka.

"Na marashi yale," ami akaendelea, "aliyatia mrashini yule binti mwenyewe. Ndiye alomwambia babake aanze na wewe."

Nilikumbuka kiganja changu kilivyoinuka, wazi, kumnyamazisha aliyekuwa nyuma yangu. Yule binti alikuwa dirishani. Alikiona. Nikamwuliza ami walinisubiri mpaka lini Ijumaa ile.

Ami aliweka mkono juu ya nyuzi za udi. Aliinua nyusi.