Omulamula Nilioung'oa

Kofi la jukwaani halilizwi na anayepiga. Mkono wake hupita mbele ya uso bila kugusa, na anayepigwa ndiye anayegonganisha viganja vyake mahali ambapo watazamaji hawaoni. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa nilipoanza kuigiza katika ukumbi wa parokia mjini Bukoba, nikiwa mwalimu kijana kutoka Kagoma. Tangu hapo nimempiga mke, nimemnyonga baba mkwe, nimemchoma kisu mdogo wangu, na wote walirudi nyumbani kula ndizi zao. Kila nilipopewa nafasi ya mtu mwema, watazamaji walipiga miayo.

Kazi hiyo imenipatia vipigo viwili vya kweli. Cha kwanza nilipigwa na mama mmoja aliyepanda jukwaani na kunitandika kisogoni kwa mpini wa mwavuli. Nilishonwa nyuzi nne. Nilipomweleza kwamba sikumgusa yule mwanamke, alinijibu, "Nimesikia mlio." Kipigo cha pili ndicho ninachokiandika hapa, kwa sababu kinasimuliwa mno na watu ambao hawakuwapo.

Nilikuwa nimestaafu ualimu, na televisheni ilikuwa imeshanichukua. Tamthilia tuliyokuwa tukiirekodi ilihusu ndugu wawili wanaogombea kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa waliloachiwa na baba yao. Mimi nilikuwa kaka mkubwa, yule mporaji. Kwetu mpaka wa kibanja hauwekwi kwa ukuta. Hupandwa omulamula, mmea mrefu usiokufa kwa urahisi, na jina lake ni ndugu wa neno "kuamua". Kuung'oa ni kung'oa hukumu ya wazee.

Jukwaani tulizoea kuchomeka tawi katika kopo la mchanga. Mwongozaji wa tamthilia, binti ambaye ningeweza kumfundisha darasa la tano, alikataa kopo. Alitaka udongo na mizizi. Basi tukaenda Maruku, kwenye kibanja cha kweli, na siku moja kabla mtunza vifaa akapanda omulamula wetu katika udongo uliolainishwa, hatua mbili kutoka ule wa mpaka.

Nilipofika, mimea ilikuwa miwili, na mtunza vifaa alikuwa amekwenda kunywa chai. Nilimuuliza binti aliyekuwa akinipaka poda ni upi wetu.

"Wanasema ni ule wenye kitambaa chekundu, Mwalimu."

Kwa miaka yote niliyofundisha sikukubali mwanafunzi aanze jibu lake kwa "wanasema". Siku ile nililikubali, kwa kuwa jua lilikuwa zuri na kamera ilikuwa tayari. Kitambaa kile kilifungwa kwenye mmea wa mpaka ili mtu yeyote asiuguse.

Niliushika nikavuta. Haukutoka. Nikafurahi, nikidhani mtunza vifaa amefanya kazi nzuri. Nikavuta kwa nguvu zote huku nikimtukana marehemu baba yangu wa kuigiza, mpaka nikasikia mizizi ikikatika ardhini na nikaanguka nao kifuani.

"Safi sana," alisema mwongozaji.

Mwenye kibanja alikuwa akikata majani makavu ya migomba. Alikuja na panga lake, akitembea tu. Sikujua wakati ule kwamba jirani yake upande wa pili ni kaka yake mkubwa wa tumbo moja, wala kwamba walishashtakiana miaka mingi kabla wazee wa ukoo hawajaupanda mmea ule.

"Mwalimu, nani amekutuma?"

"Sikutumwa. Tunaigiza."

"Mzizi hauigizi," alisema.

Kaka yake, aliyekuwa amesimama kati ya watazamaji, alicheka. "Mwache mzee afanye kazi, waitu, ndugu yangu. Televisheni imeona kwamba mpaka haupo. Sasa utamshtaki nani, kioo?"

Mwenye kibanja alinipiga bapa la panga kwenye taya. Hapakuwa na mlio wowote wa maana, na hilo ndilo lililonishangaza nikiwa chini na meno mawili ulimini. Yeye, mdogo mtu, alikuwa amekwishanipita akimwendea kaka yake. Kaka aliinua mkono kujikinga, na panga likaingia katikati ya vidole. Aliutazama mkono ule kama wa mtu mwingine, kisha akaokota mpini wa jembe kwa mkono wa pili, akampiga mdogo wake ubavuni mara tatu. Pigo la tatu lilivunja kitu, nilikisikia. Kamera zilikuwa bado zinarekodi, kwa kuwa vijana wetu walidhani wenyeji wanatusaidia kuigiza. Wawili watatu walipiga makofi. Damu ilipofika kwenye waya za taa ndipo makofi yalipokoma.

Ukoo ukagawanyika papo hapo. Wa huku waliokota mawe, wa kule waliokota mawe. Nyuma yangu mtu alikuwa tayari anaeleza kwamba nimeahidiwa migomba ishirini kwa kazi ile.

"Shimo liko wapi?" aliuliza mdogo mtu, akiwa amelala, akishika mbavu.

Hapo wote walitazama chini. Miguu ya ugomvi ilikuwa imevuruga udongo wote, na bila shimo mpaka ungekuwa popote ambapo mwenye ndugu wengi angependa. Kaka, mkono umefungwa kanga, alionyesha kwa mguu mahali hatua tatu ndani ya shamba la mdogo wake. "Ulikuwa hapa. Wote mnajua." Mama mmoja akasema ulikuwa kule. Mawe yakapanda mabegani.

Nilitema damu, nikasimama. "Nani aliuona?" niliuliza kwa sauti ya darasani. "Aliyesikia akae chini. Mashine ile iliona."

Mwongozaji alisita, kisha akarudisha picha nyuma. Nilimwita mzee wa ukoo, halafu kaka, kisha mdogo mtu akaletwa akishikwa makwapa. Mmoja mmoja waliinamia kioo kidogo. Omulamula ulionekana umesimama, nyuma yake mbuni wa kahawa wenye panda, na kushoto jiwe jeupe. Mzee wa ukoo alisimama palepale ilipokuwa kamera, akalinganisha jiwe na panda, akaelekeza kwa jembe mahali pa kuchimba. Vipande vya mizizi vilikuwamo ardhini, vya manjano, bado vina maji.

"Mkono uliong'oa ndio urudishe," alisema. "Na safari nyingine, tata, baba yangu, uliza mwenye shamba."

Niliupanda kwa mikono yangu, damu ya taya ikidondokea udongo. Waliokuwa na mawe waliyaweka chini mmoja mmoja, bila kuombana radhi. Kisha majeruhi wawili walipelekwa hospitali kwa gari moja, kwa kuwa hapakuwa na jingine.

Vidole viwili vya kaka havikunjiki hadi leo. Ndugu wale hawasalimiani, lakini omulamula umechipua mahali pake na hakuna aliyeugusa. Mwaka jana, dereva wa bodaboda alipokuwa akinipeleka nyumbani Kashai, alinisimulia juu ya mwigizaji mmoja aliyehongwa shamba zima huko Maruku.

"Ulikuwapo?" nilimuuliza.

"Sikuwapo, mzee. Lakini inajulikana."

Nilishuka kabla ya kufika, nikatembea.

Siku zile baada ya ugomvi, mwongozaji alitaka kuitumia picha ile ya mimi nikiung'oa mmea. "Mwalimu, hujawahi kuigiza vizuri hivyo maishani mwako," aliniambia.

"Sikuigiza," nilimjibu, na nikasema sitarudi kazini mpaka nione imefutwa. Ilifutwa mbele yangu. Tukarekodi upya Kagoma, katika uwanja wa shule, kwa tawi lililochomekwa katika kopo la mchanga. Watazamaji walilalamika kwamba pale mahali panaonekana wazi kuwa ni uongo, na mimi niliridhika.