Mwanafunzi Wangu Tate

Nikipita sokoni na kukuta gunia la viazi ambalo limefunguliwa sasa hivi, ile harufu ya udongo mweusi wa Kibumba hunirudisha moja kwa moja kwenye kizingiti cha nyumba yetu ya mbao, Goma, mwaka ule nilipopewa kazi ya ualimu nikiwa na miaka kumi. Mshahara, ndugu zangu, sikuuona.

Aliyenipa kazi hiyo ni Mwalimu Kasereka. Alikuwa amemfundisha kusoma baba yangu, akawafundisha shangazi zangu, kisha akanifundisha na mimi katika chumba kilekile. Jumamosi aliongoza salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, suruali ameikunja hadi magotini, akizibua mitaro kwa mikono yake. Jumapili ungemkuta mbele ya kwaya. Jioni alifundisha katekisimu, na tena alikuwa amefungua darasa la watu wazima wasiojua kusoma, lenye mabenchi mengi na wanafunzi wachache mno. Mke wake alizoea kusema kwamba yeye aliolewa na parokia nzima.

Basi sisi tuliokuwa tukijiandaa kwa komunyo ya kwanza alitupa sharti: kila mmoja amfundishe kusoma mtu mzima wa nyumbani au wa jirani.

"Mwenye hana mwanafunzi, hatapata komunyo," alisema, uso mkavu.

Gauni langu jeupe lilikuwa limekwisha kushonwa. Nyumbani kwetu asiyejua kusoma alikuwa mmoja tu: bibi yangu mzaa baba, muuza viazi, ambaye sote tulimwita Tate. Nilipomweleza, alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Macho yangu ni ya viazi, mutoto wangu. Haiko ya vitabu."

Nikaangua kilio. Nilimtajia gauni, nikamtajia soksi, nikamweleza jinsi nitakavyobaki peke yangu kwenye benchi wenzangu wakienda altareni. Tate akanifuta makamasi kwa kitenge chake, akasema tutaona. Baada ya siku chache akajikalisha kizingitini mwenyewe.

"Haya, Madamu, fundisha."

Ubao wetu ulikuwa bamba la lava mbele ya mlango. Kwetu mawe meusi huyatafuti, yanakufuata yenyewe. Niliandika kwa vipande vya chaki nilivyookota darasani. Herufi O, kwa Tate, ilikuwa kiazi kizima, na C kiazi kilichoumwa na panya. Nilijitia ukali, nikashika kijiti kama walimu niliowaona. Tate alikichukua taratibu, akakisukuma chini ya sufuria, kikasaidia kuivisha maharagwe. Mvua ikinyesha somo lote lilifutika, tukaanza upya. "Haraka haraka haina baraka," aliniambia, mimi ndiye mwalimu na mimi ndiye ninayeonywa. Hadi juma la mwisho bado alichanganya b na d, na mimi nikakosa hamu ya kula.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa hadi mlangoni. Kila mwanafunzi mzee alipaswa kusimama mbele na kusoma sala. Tate alipoitwa nikashusha pumzi, maana sala ile aliijua kwa moyo tangu sijazaliwa. Ungempa karatasi juu chini bado angeisoma. Lakini Mwalimu Kasereka hakuwa mtoto wa jana. Aliondoa karatasi ya sala, akaweka ya matangazo.

"Mama, soma hapa."

Tate akaitazama karatasi. Nikaona gauni langu likirudi sandukuni. Kisha kidole chake kikaanza kutembea.

"Ju-ma-mo-si... ki-la ja-maa... i-le-te... ndo-o mo-ja... ya... mu-cha-nga." Akainua kichwa, akawakazia macho watu wote. "Mumesikia? Ndoo moja. Na mimi nitaangalia!"

Kanisa zima likacheka. Vigelegele vikapigwa, ngoma za kwaya zikalia bila kuamriwa. Furaha niliyoisikia siku ile sijapata kuisikia tena, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua.

Miaka mingi baadaye, Tate akiwa amekwisha kufariki, nilimtembelea Mwalimu Kasereka, mzee wa mvi lakini bado anafundisha katekisimu. Nikamuuliza kama kweli angeninyima komunyo. Alicheka hadi akakohoa. Kutoa au kunyima ilikuwa kazi ya padre. Sharti lile alilitunga mwenyewe, kwa sababu wazee waliona haya kuja darasani, na hakuna bibi anayeshinda machozi ya mjukuu. Kumbe tulikuwa chambo! Nami miaka yote niliamini kwamba Tate alisoma kwa kunihurumia tu.

"Lakini Tate yako sikumudanganya," akasema. "Ile siku ulilia, kesho yake alikuja kuniuliza kama ni kweli. Nikamuambia hapana, mutoto atapata komunyo yake. Akashukuru, akaenda. Akafika mulangoni, akarudi."

"Akasema nini?"

"Akasema: Mwalimu, usimuambie mutoto. Akijua, ataacha kunifundisha."