Chai za wateja zilivyoniyeyushia barafu: samaki wa posa waliofia kwenye buti, Stockholm

Wakuu heshima kwenu. Wenye shikamoo zenu pokeeni, wengine tusalimiane kwa kazi.

Haya ninayoandika sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho na kuyanusa kwa pua yangu mwenyewe, na nikiyakumbuka mpaka leo nachoka.

Kwanza mnijue. Shule mimi niliishia la tano. Lakini hapa Stockholm ukiuliza nani alianza kuwapelekea watu wetu samaki hadi mlangoni, watakutajia mimi. Kabla hizi simu za kupangusa hazijatufikia, nilikuwa na kisimu cha vibonyezo, Volvo kuukuu lenye buti refu, na boksi moja kubwa jeupe la povu. Wenye digrii wanatafuta kazi, mimi oda zinanitafuta.

Sato, yaani tilapia, waliogandishwa nachukua asubuhi kwa bei ya jumla, nawapanga, barafu chini, barafu juu, blanketi, safari. Majira ya baridi hata barafu sikuhitaji. Nchi nzima ni friji, unashusha kioo tu.

Shida ni Julai.

Mlioko nyumbani mnadhani Ulaya hakuna joto. Njooni mkae ndani ya gari lililoegeshwa juani mwezi wa saba, halafu mniambie.

Jumamosi moja nilikuwa na wateja sita. Wa mwisho ni Mama Noela, Mkongo wa Bukavu, anaishi Flemingsberg na anafanya kazi hospitali ya palepale. Jioni ile alikuwa anapokea wageni wa posa ya binti yake. Baba wa kijana, Mkongo mwenzake, anakuja kutoka Norway, na ujumbe aliotanguliza ni mmoja: anataka kula tilapia nzima, yenye kichwa, kama ya kwao.

Mama Noela alinipigia mara tatu wiki ile.

"Papa, usiniangushe. Saa sita ukuwe hapa."

Nikamjibu, mama, unaongea na mimi, siyo na posta.

Nikaanzia Rinkeby kwa Mzee Bosco, Mrundi mstaarabu sana. Ustaarabu wake ndio ulioanza kunimaliza.

"Karibu ndani, ndugu yangu."

"Mzee, nina samaki kwenye gari."

"Samaki wana haraka ya kwenda wapi? Wameshakufa. Kaa unywe chai."

Sasa wakuu, mtu amekuzidi umri, mkewe ameshabandika sufuria, wewe utasema nini? Nikavua viatu, nikakaa. Chai ya tangawizi, mkate, habari za marehemu mmoja wa Bujumbura ambaye hata simjui. Dakika arobaini.

Tukashuka wote, maana alitaka kuchagua. Na hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Mtu ameagiza kwa simu, samaki wanne, tumekubaliana. Ukifika anakwambia fungua nione. Anainamia buti, anainua huyu, anaminya yule, wa juu hawataki, anataka wa chini. Kifuniko kiko wazi muda wote huo, jua linaingia bure.

Wateja watano, wote hivyo hivyo. Chai, soda, picha za harusi ya mtu, halafu kufukua boksi. Rågsved kuna dada wa Kenya alifukua mpaka chini, akatoa wawili, akawarudisha.

"Hawa wako wamekonda, buda. Si ungewalisha kwanza?"

Nikacheka. Barafu inageuka maji, mimi nacheka. Siku ile ungeniambia kosa ni langu tungegombana, maana nilijiona hodari wa wateja.

Flemingsberg nilifika saa kumi kasoro. Kwenye lifti mtoto mmoja aliziba pua akamwambia mama yake kitu kwa Kiswidi. Kiswidi hicho nilikielewa.

Mama Noela aliweka boksi kwenye sakafu ya jikoni, akafungua, akatia mkono kwenye maji. Akamwinua mmoja, akamfunua mashavu, akanusa. Akamrudisha polepole.

"Papa, ulipitia wapi?"

Nikaanza kueleza, joto, foleni. Akanikata.

"Mi niko natumika ku hospitali. Dawa ya kuwekwa ku baridi iko na boksi yake, na hakuna mutu anafungua njiani. Weye ulitembeza boksi moja Stockholm muzima kama kikapu ya sadaka, kila mutu anatia mukono."

Samaki wote wakaingia mfuko wa taka. Nikakimbilia dukani nikarudi na kuku wa kuchoma. Nilitaka niwaweke nitoroke. Akanionyesha kiti.

"Hapana. Utakaa. Utawaambia weye mwenyewe."

Nikakaa wakuu. Mwanaume mzima.

Wageni wakaingia, sala ikasaliwa, sinia zikafunuliwa. Mzee wa Norway akawatazama kuku, akawatazama tena.

"Samaki iko wapi?"

"Muulize huyu papa," Mama Noela akasema. "Alikuwa nayo, akaenda kunywa nayo chai."

Binti akainamisha kichwa, nikaona machozi yanamlenga, na hapo ndipo nilipopata aibu ya kweli. Posa ya mtoto wa watu imening'inia kwenye mdomo wangu. Nikasimama nikasema yote, chai moja moja, nyumba hadi nyumba, sikuficha.

Mzee akanitazama weee.

"Nyumba tano?"

"Tano, mzee."

"Na haukukatala hata moja?"

"Hata moja."

Akavuta sahani ya kuku. "Huyu ni mutu wa kwetu. Tukule."

Posa ikapita. Mwaka uliofuata harusi ikafungwa, na mimi nikaalikwa. Samaki wa harusi alileta Mganda mmoja.

Hilo linaniuma kuliko kila kitu. Mganda.

Tangu hapo kila mteja ana boksi lake dogo, barafu yake, jina juu, nimezungushia solotepu. Linafunguliwa jikoni kwake. Kuchagua hakuna. Na viatu sivui, maana kwa hawa Waswidi na sisi tuliozoea kwao, ukishavua viatu umekwisha, lazima ukae. Kuna wanaosema nina maringo. Sawa. Samaki wao wanafika wagumu kama mawe.

Mnaouza vitu vya baridi huko mliko, mwageni maarifa hapa: mzee wa heshima akisema karibu ndani, mnamkatalia kwa maneno gani? Mimi nakimbia tu, maneno bado sijayapata.