Mfagizi anayelinda mawe ya kadeti

Saa kumi na mbili asubuhi, Wilkister Adhiambo anapiga goti kwenye njia ya waenda kwa miguu, Södermalm, mjini Stockholm. Anaokota mawe matatu yaliyo juu ya bamba la shaba, anayatia mfukoni, anafagia, anapangusa, kisha anayarudisha moja moja, kila moja mahali pake.

"Hapa mashine haipiti," anasema. "Hapa ni mkono wangu tu."

Bamba hilo, lililolazwa katikati ya mawe ya njia, linamkumbuka Mikael Abelson, aliyeishi nyumba ya jirani. Alikuwa Myahudi wa kwanza kupokewa kuwa kadeti katika chuo chake cha kijeshi.

Wilkister, mwenye miaka 47, ni mzaliwa wa Siaya, Kenya. Anaishi Husby, kitongoji cha Stockholm, na amefagia mitaa ya jiji kwa miaka tisa. Kila Aprili, theluji ikishayeyuka, huondoa kokoto zilizomwagwa juu ya barafu wakati wa baridi ili watu wasiteleze. Zamu huchukua saa nane, na magoti yake, anatania, yalistaafu kabla yake.

Mwaka juzi alipangiwa mtaa huu kwa mara ya kwanza.

"Niliona mawe mawili, nikafagia. Hata nikajisifu, nikapangusa bamba mpaka likang'aa. Haki ya Mungu, nilidhani nimefanya kazi safi!"

Hakujua kwamba Wayahudi huwawekea wafu wao jiwe dogo, pale ambapo wengine wangeweka maua. Saa nne akatokea Rita, mwanamke wa miaka sabini, mjukuu wa kadeti huyo, akiwa na jiwe mkononi. Akauliza mengine yako wapi. Moja, jekundu, liliwekwa na mama yake siku bamba lilipozinduliwa. Mama huyo alifariki katika baridi iliyokuwa imetoka kuisha.

"Hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu," anasema Wilkister. "Alisema tu kwamba hilo ndilo jiwe la mwisho la mama yake."

Kokoto za mtaa mzima zilikuwa zimerundikwa kwenye kona, na lori la kuzizoa lilikuwa linakuja. Augustino, Mtanzania anayeendesha mashine ya kufagia, alimwambia: "Dada, hiyo ni tani nzima. Utalipatia wapi?"

Wilkister akavua glavu.

"Kokoto za hapa zimevunjwa kwa mashine, zina makali. Jiwe la mtu limeokotwa ufukweni, ni laini. Nikajua macho yatashindwa, lakini mkono utalijua."

Rita akachuchumaa upande wa pili wa rundo. Augustino, aliyekuwa ameanza kucheka, akaegesha mashine njiani ili lori lisisogee. Baada ya saa moja na nusu, vidole vikivuja damu, Wilkister akalishika lile jekundu. Jingine halijapatikana mpaka leo. Wanawake hao wawili walikumbatiana wakalia kwa sauti, kama wako msibani.

Wilkister alikuwa na lake la kulilia. Mama yake alifariki miaka sita iliyopita, wakati Wilkister bado anasubiri kibali chake cha kuishi Sweden kifanywe upya, asiweze kusafiri.

"Nilitazama mazishi kwa simu, mtandao ukikatika kila mara. Sikutia hata udongo."

Rita hakumshtaki kwa wakubwa wake. Badala yake alimwomba aweke jiwe lake mwenyewe, na sasa ni la tatu pale juu ya bamba. Ijumaa humletea kahawa kwenye chupa, wakakaa ngazini wakapiga soga.

"Namshukuru mpaka nakosa maneno," anasema Wilkister. "Nilimkosea, akanifundisha."

Desemba hii atakwenda Siaya, safari yake ya kwanza tangu msiba huo. Katika begi lake tayari kuna jiwe la kijivu ambalo yeye na Rita waliliokota ufukweni pamoja.

"Dada zangu watanicheka, nimetoka Ulaya nimebeba jiwe. Wacheke. Nitaliweka kaburini, nimwambie mama nimefika."