Kitanda cha Nne Mbele ya Lango la Kukhu

Elfu kumi na nne kwa siku tatu, mafuta juu ya baba, na choo kisichofanya kazi. Hiyo ndiyo bei ya likizo pekee ambayo familia yetu ilijaribu kwenda pamoja, na hata hiyo ilipatikana baada ya baba kushinda asubuhi nzima katika ua wa mwenye gari, pale Kitale, akipiga magurudumu teke na kusikitika kwa sauti. Zamani gari lile lilikuwa likiwapeleka watalii Mlima Elgon: kubwa, jeupe, watu wanalala humohumo ndani, lina jiko la gesi, sinki na mapazia ya maua. Nikifumba macho naisikia harufu yake mpaka leo, gesi na dawa ya mende na magodoro yaliyowahi kunyeshewa. Nilikuwa na miaka tisa, na kazi niliyopewa ni kuhesabu vitanda. Vilikuwa vinne. Nikahesabu tena, maana ndivyo nilivyolelewa. Vinne: baba, mimi, mdogo wangu Wafula, na mama.

Mama hakuwa Kitale. Alikuwa amerudi kwao Kibabii, kwa sababu baba aliuza ndama wake bila kumwuliza, akanunua mahindi ya Ndalu ambayo yalifika yamelowa, yakaoza gunia baada ya gunia. Kwetu jambo kama hilo lina njia yake. Mume huwachukua wazee wake, hubeba kitu mkononi, huenda kuketi kwa wakwe na kusemwa mpaka wenyewe wachoke. Baba hakupenda kusemwa. Wala hangeweza kwenda tu kama mgeni, maana mkwe halali kwa wakwe zake, na mama mkwe hata mkono hampi. Akafikiri siku kadhaa, akaona amepata njia ya mkato: akienda na nyumba yake mwenyewe, si atakuwa amelala kwake? Na mama akishaingia kuona sinki, si ataketi? Akishaketi, gari litawashwa, twende zetu likizo. Wafula alinong'ona kwamba mama akiketi, yeye atamkalia mapajani asiinuke.

Tukapita Kiminini, Kimilili na Chwele, vikombe vikigongana kabatini njia nzima. Kufika Kibabii, nyanya yetu, tuliyemwita Kukhu, alikuwa amekwisha kusimama ndani ya lango. Alitazama migomba, kwa kuwa haifai amtazame mkwe wake usoni, akaniita mimi.

"Nekesa, muulize baba yako hicho ni nini."

Baba alikuwa papo hapo, anasikia kila neno. "Mwambie ni nyumba."

"Ni nyumba, Kukhu."

"Ati nyumba! Mwambie mtu anayefuata mke huja na watu. Yeye amekuja na vitanda. Visiingie kwa boma langu."

"Mwambie hata hatuingii," baba akasema. "Tuko barabarani. Barabara ni ya serikali."

Sikupeleka hilo. Kukhu alikuwa amelisikia, na migomba pia.

Mama alitoka jioni na thamosi ya chai. Akatunusa vichwa, mmoja baada ya mwingine, akauliza kama tunaoga. Kisha akapanda ngazi. Akaketi kweli, kwenye kitanda cha chini karibu na mlango, na Wafula akampanda mapajani kama alivyoapa. Baba akafungua bomba la sinki. Pampu ikakoroma kama mzee mwenye kifua, maji yakatoka.

"Na choo?" mama akauliza.

"Kimeharibika. Lakini hicho tulipunguziwa elfu moja."

Mama akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho tangu mahindi yaoze, na nikaona mkono wa baba ukienda pole pole kwenye funguo. Mama aliuona pia. Kicheko kikaisha. "Baba Nekesa," akasema, bila hasira, "ndama alikuwa wangu. Njoo na wazee wako, useme hivyo mbele ya mama. Mimi si mzigo wa kupakiwa." Akamshusha Wafula, akamwachia thamosi aishike, akavuka barabara. Lango halikupiga kelele. Afadhali lingepiga.

Asubuhi baba alikuwa bado amevaa shati la jana, na kitanda cha chini kilikuwa bado kimetandikwa. Tukaenda Cheptais, kwa vile mafuta yalikuwa yamelipiwa, tukala ndizi tukitazama mlima. Kitanda cha nne kilibeba ndizi zilizobaki. Tulirudisha gari siku moja mapema. Baba akabishania pesa ya siku hiyo, akapewa nusu. Wazee hakuwatafuta kamwe. Alikuwa anangoja mama apunguze, bana, na mama hakuwa anauza.

Leo mimi nanunua nafaka na kuuza, palepale Kitale, na wanangu wawili wameona gari la kulala kwenye simu ya baba yao, wanalitaka Desemba. Siku hizi magari hayo ni safi, choo kinafanya kazi, na bei yake ingemlaza baba hospitalini. Nimeshamshusha bei mwenye gari mara mbili. Baba bado yuko Kitale, anapika sufuria moja na kuila siku mbili. Mama yuko Kibabii, upande uleule wa lango, Kukhu alishatuacha. Kila mmoja huniuliza habari za mwenzake kwa kuanzia na habari za mvua. Hakuna hata mmoja aliyeoa au kuolewa tena.

Gari ninalobishania lina vitanda sita. Sisi ni wanne. Nimehesabu tena, bado ni sita. Kuna jingine dogo, la vitanda vinne, bei rahisi zaidi, na mwenye magari anataka jibu kabla ya Ijumaa. Wewe unayesoma, ambaye labda wazazi wako wanalala nyumba moja, nishauri: nichukue lile dogo, au kwanza nimpeleke baba Kibabii na wazee, na ndama mkononi?