Sahani ya Maji Kando ya Cherehani

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, Kongo. Angèle Tshibola anaweka sahani ya maji sakafuni, kando ya cherehani, kisha anamfunga mwanawe Gloire mgongoni. Hashoni kwanza. Anayakodolea macho maji.

Yametulia. Anakanyaga pedali, anamaliza mkono mmoja wa sare ya shule, anasimama tena kutazama.

"Mashini yangu nayo inatikisaka maji," anasema kwa sauti ya chini. "Nisiposimama, sitajua ni mi ao ni bale ba chini."

Wale wa chini ni wachimbaji wa kobalti. Jirani yake, Mukendi, alifungua shimo ndani ya chumba chake cha kulala, na handaki linaelekea ukuta wa Angèle. Tangu ufa uonekane sakafuni, mama huyu wa miaka ishirini na mitatu, aliyekuwa akishona sare saba kwa siku, hushona tatu.

Katika darasa la jioni, mwalimu wake, Tata Benoît, aliwahi kueleza neno kiwanda. Zamani, alisema, kilikuwa uwanja tu, mahali fundi alipofanyia kazi yake. Hata neno la Kifaransa la kiwanda, usine, lilitokana na neno la karakana. Mabomba ya moshi yalikuja baadaye. Angèle alirudi nyumbani moyo ukiwa mwepesi, akaandika kwa chaki juu ya mlango: KIWANDA CHA MAMA GLOIRE.

Chaki ingali pale. Ufa umepanda ukutani hadi kizingiti cha juu.

Mara maji yanatetemeka. Mguu wake hauko kwenye pedali.

Anatoka mbio, mkono nyuma ukimshika mtoto. Mukendi, aliyeketi mlangoni kwake, anacheka.

"Mama Gloire! Maji ya mu sahani inakukimbiza?"

"Cheka tu, Tata Mukendi. We pia unalalaka juu ya ile shimo."

Mukendi anatazama miguu yake.

Sare kumi na mbili zimebaki, yaani siku nne za kusikiliza sakafu. Akizikabidhi, atapakia cherehani kwenye lori la kwenda mji wa Lubudi, kwa shangazi yake mwenye kiwanja.

"Kule nitashona inje, mu lupango ya shangazi," anasema, akiwa bado anahema. "Na ile sahani, nitamuwekea mutoto bukari akule."