Faili la Mbuzi

Nikikumbuka chumba kile cha kompyuta pale Voi, kinachonijia kwanza ni harufu. Popo walikuwa wamehamia darini, na jua likishapiga mabati, mavi yao yalinuka hadi kooni. Vitufe vya kibodi vilinata. Watu waliosoma kabla yetu walikuwa wameviachia mafuta ya viazi karai, na juu ya mafuta hayo vumbi letu jekundu lilikuwa limeganda hadi herufi nyingine hazikuonekana. Nilibeba kitambaa na chupa ya spiriti kutoka nyumbani. Wenzangu walinicheka, wakaniita daktari.

Mwalimu alikuwa mwanamume wa makamo, suruali imenyooshwa vizuri, na alikuwa na tabia ya kuchokoa sikio kwa kifuniko cha kalamu huku akifikiri. Akimaliza alikitazama, akakipangusa kwenye ukingo wa meza, kisha akaja kukuonyesha kosa lako kwa kalamu hiyo hiyo, akiigonga kwenye kioo chako. Nilikuwa nimeacha kazi ya ofisi Wundanyi nije kujifunza kuandika programu, mwanamke mzima, na kila siku nilijiuliza ni nani aliyeniroga.

Alikuwa na sheria kubwa moja. Flashi hazikuruhusiwa kwa sababu ya vairasi, na kabla ya kwenda nyumbani kila mtu alipaswa kufuta kazi yake. "Mashine ni ya wote," alisema. "Usimwachie mwenzako takataka." Basi tuliandika programu zetu kwa kalamu kwenye daftari, na asubuhi tukazichapa upya, mstari kwa mstari. Mwenyewe aliyaita hayo mazoezi ya vidole. Tulitii, kwa sababu mtu atakayekusahihishia mtihani humuulizi maswali mengi.

Niliketi na msichana wa Kishushe, binti wa mfugaji. Baba yake alikuwa amemkubalia muhula huo mmoja tu. Akionyesha anaiweza kazi, ataendelea. Akishindwa, arudi nyumbani kwa mifugo. Shuleni walishamwambia kwamba hana kichwa cha mambo hayo, na yeye alikuwa ameanza kuamini. Kwa kazi yake ya mwisho aliandika programu ya mbuzi wa kwao: jina la mbuzi, rangi yake, alichanjwa lini, alizaa lini.

Sisi wengine programu zetu zilikuwa za maonyesho. Unaingiza majina, yanajipanga, unafunga, basi, yamekwenda. Programu ikifungwa husahau kila kitu ilichoambiwa. Ukitaka ikumbuke, lazima uiagize iandike mambo yake kwenye faili kabla ya kufunga, na ikifunguliwa tena ianze kwa kulisoma faili lile. Mwalimu alituambia hayo hayamo kwenye silabasi. Yule msichana akauliza, kwa adabu, "Sasa sir, kama inasahau, itamsaidia baba nini na mbuzi wake?" Darasa likacheka. Yeye hakuwa anatania.

Alijifundisha mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Adhuhuri moja alinivuta mkono. Aliingiza mbuzi, akafunga programu, akaifungua tena, na mbuzi wakatokea wote kwenye kioo. Nilimpigia makofi. Jioni alifuta programu kama tulivyoamriwa, lakini lile faili la mbuzi, dogo kama kucha, aliliacha ndani ya mashine kwa siri.

Asubuhi alichapa programu yake upya, akaifungua. Ikamwandikia: Hakuna kumbukumbu. Faili halikuwepo.

Akamwita mwalimu. Mwalimu akasimama nyuma yake, akachokoa sikio, akasema, "Kosa ni yako. Unafungua faili ya kuandika mahali ungefungua ya kusoma. Ukifungua ya kuandika, inafuta yote ya zamani. Umechapa vibaya." Jambo hilo ni kweli, linawapata wengi wanaoanza, na ndiyo sababu lilimwingia. Alikagua mistari yake yote. Mchana mbuzi walikaa vizuri, afunge afungue, wapo. Asubuhi yake, Hakuna kumbukumbu. Na kwa kuwa kila asubuhi alikuwa amechapa upya, kila asubuhi aliamini vidole vyake vimekosea mahali. Mwalimu alipita, akatazama, akasema, "Rudia."

Wiki zilikwenda hivyo. Alikonda. Wenzetu walianza kumwamkia, "Mbuzi wamelalaje?" Siku moja, tukila mihogo nje, aliniambia ameshazungumza na baba yake. Ijumaa mtu wa pikipiki angekuja kuchukua godoro lake.

"Mimi hii kitu haitaki kuingia, dada," alisema. "Wenye walisema, walisema ukweli."

Mchana ule nilirudi ndani, na sikuandika programu yoyote. Nilifungua ukurasa mtupu wa kuchapia barua, nikaandika: Chumba hiki kinanuka. Nikauhifadhi. Nikafanya hivyo kwenye mashine yangu, na kwenye ya jirani, na kwenye ile ya mlangoni. Jioni sikufuta kitu. Asubuhi nilifika kabla ya wengine, nikaziwasha. Kurasa zangu hazikuwepo kwenye mashine hata moja. Na hapo hakukuwa na mstari wa kukosea wala vidole vya kulaumu.

Mwalimu aliingia na chai yake. Nilimuuliza mbele ya wote faili zinakwenda wapi. Nilitarajia angalau ashtuke.

"Hizo mashine nilifunga," alisema. "Kila zikizimwa zinarudi vile zilikuwa. Ukiweka kitu, haikai. Bila hivyo mngejaza takataka."

"Na huyu ulimwambia amechapa vibaya."

"Si nilimwambia hii kitu haiko kwa silabasi? Yeye ndiye mbishi." Akanywa chai kwa mvuto mrefu, akapangusa mdomo kwa kiganja, akatuambia tufungue daftari.

Nimeona mambo machafu maishani. Nimefua nguo za wagonjwa, nimeosha machinjio ya jamaa yangu. Sijawahi kuona uchafu kama ule: mtu anaujua ukweli, haumgharimu kitu kuusema, na anamtazama mtoto wa wenyewe akijiita mjinga kila asubuhi kwa sababu tu ya uvivu wa kufungua mdomo. Nilimshika msichana mkono tukatoka.

Tulikwenda kwenye sayber moja, duka la kompyuta za kukodi, karibu na soko. Nilimuuliza mwenye sayber kama mashine zake husahau zikizimwa. Akatuonyesha kioo kilichojaa CV za watu walizoacha miaka na miaka. Msichana akakaa, akachapa programu yake kutoka kwenye daftari, akaingiza mbuzi, akafunga. Kisha akaomba mashine izimwe kabisa. Mwenye sayber alinung'unika, akaizima, akaiwasha. Msichana akaifungua programu huku amefumba macho.

Mweusi wa Mama. Pembe Moja. Mrukaji. Wote walikuwepo, na chanjo zao.

"Zima tena," alisema. Ikazimwa tena, na mbuzi wakarudi tena. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo ilikuwa sawa tangu ile siku ya kwanza?" Nikamwambia ilikuwa sawa, na nikamwambia kwa hasira hadi watu wakageuka.

Akatoka nje kumpigia baba yake, nami nikamfuata. Walizungumza Kidawida, lugha ya milima ya Taita, nami ni mtu wa huko, nilisikia kila neno. Alimwambia asimtume mtu wa pikipiki. Baba akauliza kuna nini. "Mashine ndiyo ilikuwa mbovu, baba," alisema. "Si kichwa changu."

Nilitamani kumnyang'anya simu nimwambie mzee kwamba mashine ilikuwa nzima, mbovu alikuwa mtu. Lakini msichana alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, na niliona haya kumkatiza kwa ajili ya mtu kama yule.